Majani Yenye Muhuri

Utakataa, na una haki ya kukataa. Bwera, mwaka sabini na nne, kambi nzima ya askari, na bunduki zao na buti zao, ilipigwa na chai. Si risasi, si waasi wa kutoka milimani. Chai! Ilipigwa mchana kweupe, mbele ya afande mkubwa aliyekuja kukagua, na mpaka jua linaegemea upande wa Kongo hakuna askari aliyeweza kusimama wima. Na mtu aliyetakiwa kulijibu jambo lote hilo kwa neno moja tu alikuwa ni yule yule ambaye kila siku ya soko alikuwa anawapigia watu kelele wasinywe wasichokijua. Sasa sikia ilivyokuwa.

Anaitwa Tumwesigye. Bwana afya. Kijana mrefu wa upande wa Mbarara, shati jeupe, baiskeli ya serikali isiyo na breki. Kazi yake nyama, visima, vyoo, na soko la Bwera. Mkubwa wake, Semakula, alikaa Kasese, karibu na stesheni ya treni, kwenye ofisi yenye feni. Siku moja Semakula akamwita akamwambia kuna mtoto kule Karusandara amelishwa majani ya kuoshea vidonda. Mama yake alinunua akijua ni mboga, maana vyote vilikuwa kwenye karai moja. Mtoto alipona, lakini agizo limetoka: sokoni, mimea ya kula ikae upande wake, mimea ya kutibu ikae upande wake, na kila pakiti iandikwe ndani mna nini.

"Rahisi," akasema Semakula.

Rahisi ukiwa Kasese chini ya feni!

Tumwesigye akachukua kamba ya katani akaivuta katikati ya soko, kutoka nguzo ya machinjio mpaka nguzo ya banda la chumvi ya Katwe. Akapanda juu ya kreti.

"Upande huu chakula. Upande ule dawa. Imeisha."

Haikuisha. Wa kwanza kumjia alikuwa Mbambu, mama wa Kikonzo, mnene, muuza tangawizi, mwenye sauti inayofika mpaka mtoni.

"Bwana afya, tangawizi ni nini?"

"Chakula. Kaa hapa."

"Na mtoto akikohoa?"

"Hapo ni dawa."

"Sasa nikae wapi?"

"Wewe unauza ya kula ama ya kukohoa?"

"Mimi nauza tangawizi, mwanangu. Mambo ya kukohoa muulize mwenye kununua."

Soko zima likaangua kicheko. Mbambu akachukua kigoda chake, akakiweka juu ya kamba yenyewe, akakaa, tako moja kwenye chakula, tako moja kwenye dawa, akavua kitambaa cha kichwa akajipepea. "Hapa sawa?"

Basi ikawa hivyo hivyo kila siku ya soko. Mwenye vitunguu saumu: chakula, lakini kwa presha je? Mwenye mbegu za maboga: za kukaanga na chumvi anauzia huku, za minyoo anauzia kule, na gunia ni lile lile moja! Tumwesigye anarudi nyumbani koo limekauka, anatupa baiskeli ukutani. Kinachomuuma zaidi ni kwamba anajua hawa akina mama hawajakosea kabisa. Alifundishwa mwenyewe: mmea mmoja unaweza kuwa mboga leo na dawa kesho, kinachougeuza ni kipimo na mtu anayekunywa. Hakuwa na ugomvi na tangawizi. Ugomvi wake ulikuwa na ile mimea michache ambayo haina mzaha, ile ambayo ukiikosea kikombe tu umeanguka. Hiyo ndiyo aliitaka ikae mbali na mboga. Lakini hilo utaliandikaje kwenye kamba?

Mtu mmoja tu ndiye aliyeitii kamba ile. Elise.

Elise alikuwa Mkongomani wa Butembo, alivuka na watoto wanne wakati wa vita vya sitini na nne. Mumewe Hilaire alisema atafuata nyuma, na mpaka leo hajafika. Alikuwa mwembamba, mbishi, mwepesi wa mguu, na aliuza vitu viwili. Cha kwanza mchaichai, yeye akiita sitroneli, wa kuchemsha na kunywa tu. Cha pili majani makavu ya kile kichaka chenye maua ya manjano, kile ambacho ukikifikicha kinanuka karanga za kukaanga. Hayo ni ya minyoo na tumbo lililofunga. Elise aliyatwanga laini, maana yakiwa laini yananunuliwa haraka, na kila mnunuzi alimshika mkono akamwambia: "Vidole mbili tu, kikopo moja, asubuhi. Na siku ile usiende mbali na nyumba. Mutoto mudogo hapana. Mama mwenye mimba hapana kabisa."

Kwa sababu ya kamba, mchaichai wa Elise ulikaa huku na majani ya minyoo yakakaa kule, na Elise mwenyewe akawa anairuka kamba siku nzima kama msichana anayecheza. Akiwa huku, Mbambu pale juu ya kigoda anamwangalizia vya kule.

Likabaki suala la kuandika pakiti. Elise alizitengeneza kwa karatasi ya mifuko ya simiti, safi, zimekunjwa vizuri. Tumwesigye akaja na muhuri wake.

"Elise, hizi andika DAWA."

"Sitaandika, munganga."

"Mimi si munganga. Mimi ni bwana afya."

"Sawa, munganga. Sikia. Pale ku daraja kuko basoda na bunduki. Wakiona DAWA watauliza, papie ya dawa iko wapi? Weye ni dokta? Weye ni mulozi? Mutu wa Kongo mwenye kubeba dawa mu kitunga, basoda wanamufanya nini? Sema."

Hiyo papie Tumwesigye alishaiomba kwa Semakula. Semakula alimjibu kwamba kibali cha dawa ni cha mtu mwenye duka, kabati la vioo na cheti cha chuo. Yaani agizo linamwambia Elise aandike dawa, halafu agizo lingine linasema akiwa na dawa akamatwe! Hebu niambie, hapo unafanyaje?

"Basi andika CHAKULA."

"Haiko chakula! Unataka niue batu?"

"Usiandike kitu basi!"

"Na weye umesema kila pakiti iandikwe!"

"Elise! Sasa unataka kuandika nini?"

"Majani. Iko majani ao haiko?"

Jua lilikuwa linachoma kisogo. Basi la Kasese linapiga honi, na Semakula anangoja taarifa. Tangu asubuhi hajaweka kitu tumboni. Nyuma yake Mbambu anamuuliza kama kigoda nacho kinahitaji muhuri.

"Andika majani! Andika, niende!"

Elise akaandika, herufi nzuri za shule ya masista: MAJANI. Tumwesigye akagonga muhuri wa zambarau, pa, pa, pa: IMEKAGULIWA. Akakimbilia basi.

Hapo ndipo. Ukitaka kujua chai ile ilianza kuchemka wapi, ilianza hapo. Maana Kongo majani ni majani, nyasi, jani la mti, chochote. Lakini kwa Waganda, kwa Wasoga, kwa Wanyankole wenyewe, watu wa kwao Tumwesigye, ukisema majani umesema majani ya chai. Tumwesigye utoto wake wote alitumwa dukani na mama yake akamletee majani. Neno alilijua! Njaa na honi ya basi vilimfungia masikio.

Na wakati huo majani ya chai yalikuwa yamepotea Bwera. Sukari ilitangulia, sabuni ikafuata, halafu chai. Wahindi wamefukuzwa, maduka yamepewa watu wapya, wameuza kilichokuwepo, wamebaki na makopo matupu. Kambini wakapata habari kwamba afande mkubwa anakuja kukagua. Sajini Gidioni, aliyekuwa anaongoza kambi ile ndogo ya mpakani, akamwambia mkewe Babirye: "Afande lazima anywe chai. Chai ya rangi. Mimi sitaki kusikia mchaichai, mchaichai ni ya wagonjwa. Tafuta majani."

Babirye, Muganda, pacha, mcheshi, mwenye kitenge kipya, akashuka sokoni. Elise wakati huo alikuwa ng'ambo ya kamba anapimia mtu mchaichai.

"Nyabo, majani iko?" Babirye akamuuliza Mbambu.

Mbambu akanyoosha kidole bila kuinuka. "Majani ile pale."

Babirye akainua pakiti, akasoma, macho yakamtoka. "Bambi! Mpaka serikali imepiga muhuri!" Akabeba zote. Kwenye kitenge, hizoo, akapanda njia ya kambini anaimba.

"Elise!" Mbambu akapaza sauti. "Majani yako imeisha!"

"Yote?"

"Yote!"

"Kumbe Bwera iko na minyoo vile!" Elise akacheka. Hakuruka kamba kuuliza nani amenunua. Na angeulizaje, na huku kuna foleni?

Asubuhi ya ukaguzi Babirye alichemsha birika lile kubwa la kambi. Akamimina pakiti zote, kwa sababu chai ya afande haitakiwi kuwa nyepesi. Ikatoa rangi nzuri, nyekundu inayoelekea nyeusi. Ilinuka karanga kidogo. Akasema labda ndiyo chai ya siku hizi. Ilikuwa chungu kidogo. Akasema ni kwa kuwa hakuna sukari. Afande mkubwa akanywa, akakunja uso, akatikisa kichwa. "Hii chai ina nguvu. Ongeza." Wakaongezewa wote.

Saa nane mchana, gwaride. Sajini Gidioni mbele, kifua nje.

"Kambi! Mguu sawa!"

Askari mmoja wa mstari wa nyuma akatoka mbio.

"Wewe! Rudi hapa!"

"Afande, siwezi!"

"Nasema rudi!"

"Afande, hata nikirudi siwezi!"

Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu akiwa tayari anafungua mkanda. Gidioni akajaza pumzi apige amri nyingine, "Kambi... kambi..." akasimama, akatoa macho, akafunga miguu, akaanza kuondoka kwa hatua ndogo ndogo kama bibi harusi. Kambi ilikuwa na vyoo viwili. Viwili! Tumwesigye alishawaambia mwaka mzima vyoo viwili havitoshi, wakamwambia askari si mtu wa kuzoea starehe. Kimoja alikichukua afande mkubwa akafunga kwa ndani. Kingine waligombania. Waliobaki wakaingia kwenye mihogo ya watu.

Hakufa mtu. Hilo lijue mapema. Lakini alasiri ile lori la kambi lilisimama sokoni, askari wawili waliojikaza wakashuka, wakamchukua Elise kutoka kwenye mchaichai wake. "Sumu," wakasema. "Mkongomani ametia jeshi sumu." Na wewe unajua miaka ile. Lori likikupakia kwenda Kasese, watu wa nyumbani kwako hawakuulizi unarudi lini. Wanaanza kugawana watoto wako wawalee.

Tumwesigye alikuwa anakagua kisima walipomwita. Alipofika geti la kambi lori lilikuwa linanguruma, kichwa kimeelekezwa barabara ya Kisinga. Elise amekaa nyuma kwenye sakafu ya bati, mikono imefungwa. Babirye analia pembeni. Sajini Gidioni ameketi kwenye kiti, midomo imempauka, lakini sauti bado anayo. Mkononi ana karatasi ya simiti.

"Wewe bwana afya. Muhuri ya nani hii?"

"Yangu, afande."

"Soma."

"Majani."

"Mimi naomba majani!" Babirye akalia. "Mimi nasema majani, nyabo wa tangawizi ananionyesha majani!"

"Ameomba majani, amepata majani!" Elise akajibu kutoka kwenye lori. "Kosa yangu iko wapi? Angeniuliza, ningemwambia vidole mbili! Ametia mufuko muzima!"

"Funga mdomo wote!" Gidioni akajishika tumbo, akangoja, likapita. "Bwana afya. Swali moja. Hii kitu ni chakula ama ni dawa?"

"Afande, inategemea..."

"Hapana tegemea! Chakula ama dawa!"

"Mtu akichukua kidogo..."

"Nimekuuliza kidogo? Jeshi nzima iko kwa mihogo, wewe unaniambia kidogo! Neno moja!"

Tumwesigye alisikia hasira inampanda mpaka kwenye meno. Miezi yote ile yeye ndiye aliyekuwa anawauliza watu swali hili hili, chakula ama dawa, neno moja, kaa upande wako. Sasa kamba imefungwa shingoni kwake. Akisema chakula, basi chakula kimeangusha kambi, kwa hiyo kilitiwa sumu, lori linaondoka. Akisema dawa, Elise ameuza dawa bila kibali na kuiita majani, lori linaondoka pia. Na kwenye karatasi mkononi mwa sajini muhuri wa zambarau unamtazama.

Akasogea karibu na lori kama anayetaka kuangalia kitu. Elise akainama.

"Munganga," akanong'ona. "Sema ni chai imeoza. Sema umekagua vibaya. Watakutukana, watacheka, itaisha. Niko na batoto ine. Sema tu."

Uongo mdogo! Aibu yake, halafu kila mtu nyumbani. Mdomo alishaufungua. Kisha akaziona akilini pakiti zingine, kesho, keshokutwa, MAJANI, kwenye meza ya mtu yeyote. Mtoto anapewa kikombe. Mama mwenye mimba anaongezewa. Hao si askari. Hao hawaendi kwenye mihogo wakarudi.

"Ni dawa, afande," akasema. "Dawa ya minyoo. Huyu mama alikuwa anaogopa kuandika dawa kwa sababu sisi hatumpi karatasi. Mimi ndiye nilimwambia aandike majani. Kama ni kupanda lori, mimi nipande."

Gidioni akaikunja karatasi ya simiti. Hakuna aliyejua angesema nini, kwa sababu hapo ndipo sauti ya afande mkubwa ilipotoka nyuma ya mlango wa choo, nyembamba, imechoka.

"Sajini! Kama huyo mama anajua dawa ya kufungua, muulize ya kufunga anaijua?"

Gidioni akageuka. "Unaijua?"

"Naijua, afande," Elise akasema. "Tunachemsha majani..."

"Majani tena?!"

"Majani ya mapera, afande! Mapera! Ule muti pale, batoto wenu wanapanda kila siku!"

Wakamfungua. Akachemsha. Kikombe cha kwanza wakamnywesha Tumwesigye, cha pili Elise mwenyewe, wakawakalisha kwenye jua wakawatazama kama kuku waliochanjwa. Walipoona hawaanguki, wakanywa wao. Ilipokaribia jioni afande mkubwa alitoka chooni kwa miguu yake. Elise akaambiwa ashuke kwake. Lori likazimwa.

Ungesema basi, imeisha vizuri. Ngoja.

Asubuhi yake amri ikatoka kambini: soko la Bwera marufuku kuuza majani. Majani gani? Yote! Askari wakapita na rungu. Sombe, yaani kisamvu, majani. Lengalenga, ndiyo mchicha, majani. Mchaichai, majani. Tangawizi ya Mbambu ikaponea kwa kuwa ni mzizi, na hata hapo walibishana kwanza. Kamba ya Tumwesigye ikakatwa, wakaenda kufungia mbuzi. Na akina mama wakafanya nini? Wakaanza kuuza kwa kificho, kila kitu kwenye kapu moja chini ya unga wa muhogo: mboga, dawa ya vidonda, majani ya minyoo, sombe. Bila pakiti, bila neno, bila upande. Vile vile kama Karusandara, tena mbaya zaidi! Semakula akamwondoa Tumwesigye Bwera, akampeleka Kahendero, ziwani, akakague samaki.

Siku ya kuondoka alimkuta Elise karibu na daraja, na watoto wake na mzigo kichwani. Anarudi upande wa Kongo. Bwera nzima sasa inajua ni mama wa dawa, na askari wa daraja wanamuuliza jina kila anapopita.

"Ungesema chai imeoza," Elise akasema, hata bila salamu. "Leo wote tungekuwa tunacheka. Weye umesema kweli, na kweli imekula soko."

"Na siku mtoto angekunywa ile kitu, Elise?"

"Ningekuwa pale. Ningemwambia kipimo."

"Hukuwa pale. Ulikuwa upande mwingine wa kamba."

Elise akautengeneza mzigo wake kichwani.

"Kamba ya nani?" akauliza, akavuka.

Tumwesigye akaigeuza baiskeli isiyo na breki, akashika njia ya Kahendero. Sasa wewe. Lori linanguruma, sajini anataka neno moja, na mama wa watoto wanne anakunong'oneza uongo mdogo tu utakaowarudisha wote nyumbani. Wewe ungesema nini?